Kwenda Ufipa na Sanduku, Kurudi na Kamera Moja

Tangu nirudi, kila anayeingia studio yangu anatazama kwanza ukutani, pale lilipokuwa kabati la kamera, halafu ananipa pole. Mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya msibani kama wezi walikuwa na silaha. Sikuibiwa, jamani. Nimechoka kueleza nusunusu huku nikimpanga mteja kidevu, kwa hiyo naandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi akae nazo kwenye benchi.

Mambo ya tiketi na barua za utambulisho nayaruka, hayana utamu. Kumbukeni tu nilivyokuwa. Miaka ile ya foleni nilikuwa na kamera moja, na mkanda mmoja wa filamu niliugawa kwa harusi mbili. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa, nilinunua kama mtu aliyetoka kwenye njaa. Kamera mbili za umeme, zinazojipimia mwanga zenyewe. Lenzi tano, moja ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Taa, miguu mitatu ya kuegeshea kamera, na sanduku la alumini la kubebea vyote, jeupe na linalong'aa. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliposema anataka picha za nyanda za Ufipa kwa ajili ya kalenda yake, nilijibu kabla hajamaliza sentensi. Niliona sanduku langu limepata kazi ya hadhi yake.

Morogoro hadi Tunduma

Basi lilikuwa halijawashwa injini na sanduku limekwisha kugombanisha watu. Kondakta alitaka liende juu na mizigo mingine, mimi nikataka likae ndani nilione. Nilishinda kwa kulikalia. Kiti changu nikampa mama mmoja wa Makambako aliyekuwa na kuku watatu, nami nikasafiri katikati ya njia juu ya alumini, kila anayeshuka akinivuka mabegani.

Mbugani tembo walikuwa wamesimama kando ya barabara, kundi zima, na dereva akapunguza mwendo. Abiria wote waliinuka upande mmoja. Mimi mwenye kamera mbili na lenzi tano sikuona hata mkia, maana ili nifungue sanduku ilibidi kwanza niondoke juu yake, na ili niondoke ilibidi watu wanipishe, na watu walikuwa wanatazama tembo. Mama wa kuku alinisimulia baadaye walivyokuwa. Alisimulia vizuri sana, nikazidi kukasirika.

Mbeya tulilala. Tunduma nikangoja lori la Sumbawanga siku mbili, kwa sababu dereva alikuwa anasubiri spea, na mwenye spea alikuwa anasubiri gari la kumleta. Nilikula wali na maharage mara tano kwa mama mmoja karibu na mpaka, na mara zote nilikula mguu mmoja ukiwa juu ya sanduku. Siku ya pili mama yule aliniuliza kama nina jipu.

Juu ya magunia

Lori lilijaa sabuni, sukari na marobota ya mitumba, na sisi abiria tulikaa juu yake. Laela tuliposimama kunyoosha miguu, niliteremsha sanduku ili nilipanguse vumbi. Punde nikaona akina mama wanne wamepanga mstari mbele yangu, watoto migongoni. Mmoja alikuwa amekwisha kumvua mtoto shati.

"Shikamoo, daktari," akasema. "Wengine wanakuja, wako kisimani."

Walidhani nimebeba dawa za chanjo, maana za chanjo huja kwenye masanduku meupe yanayofanana na langu. Nilifungua kuwaonyesha. Yule wa mbele alichungulia zile lenzi zilizolala kwenye sponji, akamvika mtoto wake shati taratibu, akasema, "Basi vitu vizuri hivi, na hakuna hata kimoja cha mtoto?" Abiria wenzangu walicheka hadi lori likaondoka. Mimi sikuona cha kuchekesha siku ile.

Halafu barabara ikamaliza kupanda, na miti ikaisha. Sijui niwaelezeje. Nyasi tu, na vilima vya mviringo vinavyofuatana mpaka macho yanachoka, na mashamba yenye matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake. Upepo ulikuwa wa baridi, na hewa ilikuwa safi kiasi kwamba mtu akiwa mbali sana uliona hata jembe lake. Nikaona kivuli cha wingu. Kilianza kwenye kilima cha mwisho kabisa, kikateremka, kikapanda kingine, kikatufikia tukasikia baridi yake, kikatupita kikaenda zake upande wa pili. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuona kivuli cha wingu kizima, mwanzo wake na mwisho wake. Machozi yakanilenga, na nikaona aibu kwa sababu ya wale watu juu ya magunia.

Kisha nikakumbuka kazi. Nilifungua sanduku nikaanza kuchagua lenzi. Hii, hapana, ile. Mzee aliyekaa jirani yangu alinitazama kwa muda mrefu.

"Baba," akasema, "unachagua nini? Limekwisha kwenda."

Katandala

Sumbawanga nilielekezwa kwa mpiga picha mwenzetu wa mtaa wa Katandala, dada mmoja anaitwa Leokadia. Mume wake ni mwalimu huko Chala, anarudi nyumbani mwisho wa wiki, na yeye Leokadia anaendesha studio ya chumba kimoja: kiti kimoja, pazia la maua, na nyuma ya pazia chumba cha giza cha kusafishia picha nyeusi na nyeupe. Anapiga picha za vitambulisho na za watoto wa komunyo ya kwanza. Kamera yake imetoka rangi kwenye kona zote, mkanda wake wa kuvalia shingoni ni mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, ina lenzi moja tu na haijui betri ni kitu gani.

Alinipa ugali wa ulezi na mgebuka wa kuchoma, samaki mnene wa Ziwa Tanganyika, nikala mpaka nikafungua mkanda wa suruali. Ndipo nikamfungulia sanduku. Kusema kweli nilitaka ashangae. Alinawa mikono, akachukua kimoja kimoja, akakirudisha mahali pake kwa heshima.

"Zote hizi za kwako peke yako, kaka Hamisi?"

"Za kwangu."

"Na macho unayo mangapi?"

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Asubuhi yake alikuja mtu mmoja mrefu, shuka begani, anaitwa Ndaki, Msukuma kutoka Shinyanga. Alikuja na neno ambalo ndilo lililobeba safari yangu yote, kwa hiyo lisomeni polepole. Kaka yake Masunga alihamia Ufipa na ng'ombe miaka mingi iliyopita, na sasa anaishi ng'ambo ya Mwimbi. Huko kwao umefika uvumi kwamba ng'ombe wa Masunga wamekwisha wote kwa ugonjwa, na yeye amebaki kibarua wa kulima mashamba ya watu. Mama yao ni mzee na mguu wake mmoja haukunjiki. Alimtuma Ndaki aje kuona.

"Nimeona," Ndaki akasema. "Ng'ombe wapo, wanene. Lakini mimi nyumbani wananijua kwa utani. Nikisema wapo, mama atasema nimeambiwa nimfiche. Amekwisha kufunga mzigo wake. Ameapa, asipoona kwa macho yake atakuja mwenyewe huku, na mguu ule. Atafia njiani, dada."

Masunga hawezi kuwaacha ng'ombe aende. Ndaki alikuwa anaondoka Jumamosi na lori la Mpanda, akapande treni huko, na mvua zilikuwa karibu kuifunga ile barabara. Ilitakiwa picha ambayo mama hawezi kubishana nayo. Leokadia alikuwa na foleni ya wanafunzi wa vitambulisho siku mbili nzima, akanigeukia.

"Huyu kaka ametoka Morogoro, ana mitambo. Atakwenda yeye." Akanishika mkono pembeni. "Wapige wote pamoja na ng'ombe wao. Na miguu ionekane."

Nilimwambia nimeanza kazi hii yeye akiwa shule ya msingi.

Mwimbi, mara ya kwanza

Gari lilitufikisha Mwimbi, tukaendelea kwa miguu, mwendo wa karibu saa mbili. Ndaki alibeba sanduku kichwani, mimi begi langu begani, miguu mitatu mkono wa kulia na taa mkono wa kushoto. Na huko njiani watu wanasalimiana kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Mtu akikutana na mgeni anapinda magoti kidogo na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo visitoe kelele, na aliyesalimiwa naye anapiga yake kujibu. Watu waliacha majembe shambani wakaja hadi njiani kunipigia makofi. Kibibi mmoja aliyebeba kuni alizitua chini zote ili anisalimie. Mimi nilijibu kwa kutikisa kichwa, kwa maana mikono yote miwili ilikuwa imejaa vyuma. Alinisubiri kidogo, akatazama chini, akaanza kujitwika kuni zake.

"Ungevitua, bwana picha," Ndaki akasema, safari hii bila utani.

"Nikivitua kwa kila mtu tutafika lini?"

Masunga alitupokea kwenye boma lake, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Mke wake alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo wamebeba desturi yake kutoka kwao. Jioni ng'ombe walirudi. Niliwasikia kabla ya kuwaona, kengele na kwato, kisha wakatokea juu ya kilima na jua liko nyuma yao, wengi kuliko nilivyofikiria, na vumbi lote limekuwa la dhahabu. Nilisahau baridi. Watu wale walikuwa wametembea na mali hii nusu ya nchi, mguu kwa mguu, na mimi nililalamika kwa kukaa juu ya sanduku.

Nikafunga lenzi ndefu. Mnaijua kazi yake: inamvuta mtu karibu, na kila kilicho nyuma yake kinayeyuka laini kama kwenye magazeti ya nje. Nilimsimamisha Masunga mbele ya ng'ombe wake, nikampiga uso na mabega. Nikampiga tena, na tena, mkanda mzima, ule mmoja tu wa nyeusi na nyeupe niliokuwa nao, kwa furaha ya mtu aliyepata kilichomleta. Aliniuliza kama familia isogee. Nikamwambia ngoja, bado nakushughulikia wewe. Mkanda ulipofika mwisho kamera ikanyamaza. Nikachukua ya pili, nayo kimya. Baridi ya Ufipa, tangu kule juu ya lori, ilikuwa imemaliza betri zote mbili. Sikujali, kazi niliona nimeimaliza.

Picha inatokea

Alhamisi nikausafisha mkanda kwenye chumba cha giza cha Leokadia. Karatasi ilipoanza kuonyesha sura kwenye dawa nilipiga kelele ya furaha. Naapa sijawahi kupiga picha kama ile. Kila unywele wa ndevu ulikuwepo, jicho lina mwanga, na nyuma yake weupe mwororo unaoelea.

Masunga na Ndaki walikuja mchana kuichukua. Masunga aliishika kwa kingo, akaitazama, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Si hao hapo nyuma yako?" nikamwonyesha ule weupe.

Ndaki akainamia. "Huu ni moshi," akasema.

Nilikasirika. Niliwaeleza kwamba hivyo ndivyo wanavyopiga wakubwa, kwamba kuna watu wanalipia lenzi ya aina ile ili wapate moshi huo huo. Nilizungumza sana. Masunga alisubiri nimalize kwa adabu, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Bwana picha, ni nzuri. Lakini kichwa peke yake ni picha ya kitambulisho, au ya marehemu. Mama akiiona hii atajua kweli ng'ombe wamekwisha, nimebaki kichwa."

Nilimwona yule mama nisiyemjua akijitwika mzigo wake na kuanza kutembea na mguu usiokunjika, kwa sababu yangu. Leokadia alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Nilitoka mbio kutafuta betri. Zile za kamera zangu ni ndogo na za mviringo, hazizidi kifungo cha shati. Nilizunguka maduka yote ya sokoni. Muuza duka mmoja alinitolea za tochi, nne, akazipanga kaunta. "Chukua hizi, zina nguvu zaidi," akasema. Nikamwonyesha tundu la kamera. Alilipima kwa jicho, akalinganisha na betri, akanihurumia. "Kitu kikubwa hivi, kinakula kidogo hivyo, na hicho kidogo chenyewe hakipatikani!"

Niliporudi, Leokadia alikuwa amevaa kamera yake shingoni.

"Mkanda uliomo umebakiza picha tano," akasema. "Mwingine nimeagiza Mbeya, haujafika, na yako iliyobaki ni ya rangi, haisafishiki hapa. Kesho alfajiri tunakwenda wote. Lile sanduku linabaki."

Mara ya pili, mikono mitupu

Ijumaa tulitembea njia ileile na mimi sikuwa nimebeba kitu. Kamera ilikuwa kwake, na maji alibeba Ndaki. Mwanzo mikono yangu ilikuwa inaning'inia tu, sikujua niiweke wapi. Kisha mtu wa kwanza akatokea njiani, mwanamume na jembe, akapinda magoti akapiga makofi. Nikapiga yangu. Nilikosea, nilipiga kwa nguvu kama niko uwanja wa mpira, naye akatabasamu, akanionyesha viganja vinavyokunjwa. Nikapiga tena vizuri. Kutoka hapo hadi bomani nilisalimiana na watu wengi kiasi kwamba tulichelewa, na Leokadia hakuniharakisha. Nilikuwa naona nyuso. Ile juzi nilipita katikati ya watu walewale na sikumbuki hata mmoja isipokuwa yule wa kuni.

Masunga alikuwa amewazuia ng'ombe wasiende malishoni. Mke wake amevaa kitenge kipya, watoto sita wamepakwa mafuta, mkubwa amemshika mdogo mkono. Leokadia alinivalisha kamera yake.

"Piga wewe. Deni la kazi ni lako."

Nilichungulia. Lenzi ile haivuti wala haisukumi, inaonyesha kilichopo kama jicho linavyokiona. Familia iliingia yote, ng'ombe nusu tu.

"Rudi nyuma," Leokadia akasema.

Nikarudi.

"Tena. Tena, kaka."

Nilikanyaga kinyesi kibichi hadi kwenye kifundo, watoto wakaangua kicheko, nikarudi tena mpaka mgongo wangu ukagusa kichuguu. Nikapanda juu ya kichuguu. Nikachungulia.

Wote walikuwemo. Masunga na mke wake katikati, watoto, miguu yao kumi na sita juu ya udongo, nyuma yao migongo na pembe zikienda hadi kwenye paa la nyasi la boma, na juu ya boma kilima, na juu ya kilima mbingu yote ya Ufipa. Nilikuwa nimezunguka na lenzi tano kutafuta kitu kikubwa, na kilikuwa kimesimama pale kinanisubiri nirudi nyuma. Nilisikia unyonge na furaha kwa wakati mmoja.

Niliubana mlango wa lenzi hadi mwisho ili cha karibu na cha mbali vitoke wazi sawa. Picha ya kwanza fahali aligeuza makalio. Ya pili mtoto mdogo alikaa chini. Ya tatu wingu lilifunika jua, nikaipoteza. Kisha Masunga akapiga mluzi mrefu, wa chini, na ng'ombe wote wakainua vichwa na kutulia. Hata upepo nakumbuka kama ulitulia, ingawa Leokadia anasema hapana. Nikabonyeza.

"Imebaki moja," akasema Leokadia. "Piga ya akiba."

Nikamrudishia kamera. Nilijua nimeipata, na ile moja nilitaka amalizie mteja wake.

Jumamosi asubuhi Masunga aliishika picha kwa kingo vilevile, mlangoni kwa Leokadia. Alipitisha ukucha juu ya ng'ombe mmoja mmoja, midomo ikicheza majina yao. Kisha akateremsha ukucha kwa watoto. "Miguu yote ipo," akasema, na akanipigia makofi taratibu, yeye Msukuma, kwa namna ya Wafipa. Ndaki aliiweka picha katikati ya vipande viwili vya boksi, akaiingiza ndani ya shati akafunga vifungo vyote, akapanda lori la Mpanda bila kutania mtu.

Mbeya, halafu nyumbani

Mbeya nilimtafuta jamaa anayepiga picha za mechi za mpira kwa magazeti. Yeye hawezi kuingia uwanjani amfuate mchezaji kwa miguu, lenzi ndefu ni haki yake. Nilimwachia sanduku na vilivyomo. Alinipa kamera kuukuu isiyo na betri, yenye lenzi moja, iliyokuwa inakaa kwenye droo yake, na kitu cha juu. Kiasi gani, msiulize. Nilipotoka pale nilihisi bega la kushoto limepanda juu, nilikuwa nimezoea kuinama upande mmoja kwa uzito.

Msinifanye mtakatifu. Kalenda imekwenda kwa mpiga picha mwingine, kwa sababu sikuleta hata picha moja aliyoitaka yule mfanyabiashara, na nilinuna siku tatu. Bado nikipita dukani nikaona lenzi dirishani napunguza mwendo. Lakini nikiivaa hii moja shingoni naona inatosha, na kazi inakwenda, na jioni sina cha kuhesabu kabla ya kufunga mlango.

Wiki iliyopita imekuja barua ya Leokadia. Ndaki amempelekea habari Masunga, na Masunga amemwomba aniandikie. Picha ilifika haijakunjwa. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mzigo wake umefungwa karibu yake. Ndaki alimpa akasogea kando, bila kusema neno, kwa kuogopa ataharibu. Mama hakumtazama mwanawe kwanza, wala wajukuu. Alipeleka kidole moja kwa moja kwa ng'ombe, akawapita mmoja mmoja, akasimama kwa mmoja wa pembeni kabisa, nyuma ya wengine, anayeonekana shingo na ubavu tu, mwenye bato, yaani doa jeupe, ubavuni. Akasema huyu ni wa uzao wa jike alilompa Masunga siku anaondoka, hilo bato halipo kwa ng'ombe wa mtu mwingine. Kisha akafungua mzigo, akarudisha nguo zake moja moja sandukuni, na akaomba chakula.

Picha hiyo ninayo nakala yake, iko ukutani pale mnapopatazama mkinipa pole. Niliibandua nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nimeipiga mimi, nikamtolea Masunga yake kwa mkono wangu, nimekaa nayo wiki zote hizi nikijisifu nayo, na sikuwa nimewahi kumwona ng'ombe huyo. Yupo. Hazidi punje ya hindi, na bato lake linaonekana wazi kabisa.